Njombe Ilivyofikiwa kwa Maji

Anayekwenda Njombe leo hupitia Makambako. Basi huacha barabara kuu ya Zambia, likasimama kidogo watu wakanunua mahindi ya kuchoma, kisha likashika njia ya kusini inayoelekea Songea. Hapo hapo pana stesheni ya TAZARA, reli iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Ndiyo maana vijana wengi wa mkoa huu hudhani kila kilichowahi kuja Njombe, kuanzia kitabu na bati hadi dawa na mbegu ya ngano, kimeingia kwa mlango wa Makambako. Mlango huo ni mpya. Wa zamani uko upande wa pili wa mkoa, chini kabisa, karibu mita 1,500 chini ya mji wa Njombe, mahali ambapo Milima ya Livingstone inaishia ghafla na maji ya Ziwa Nyasa yanaanza.

Watu wa Ludewa hawahitaji kuelezwa jambo hili. Wilaya yao ndiyo inayoupa Mkoa wa Njombe mwambao: Lupingu, Makonde, Manda na vijiji vingine vilivyokaa kwenye kipande chembamba cha ardhi kati ya mlima na ziwa. Juu mlimani kuna baridi na ukungu, Wapangwa wanalima viazi na mahindi. Chini kuna joto, miembe, mihogo, mitumbwi ya usipa na mbasa, na wanawake wa Kikisi wanaofinyanga vyungu ambavyo tangu zamani vimesafirishwa kwa mtumbwi na kubadilishwa kwa chakula. Kwa karne nzima iliyopita, kijiji cha mwambao huu kilipata habari za dunia kwa kupitia majini, na chombo kilichozileta kwa muda mrefu kuliko vyote kilikuwa meli moja ya mvuke iliyoitwa Chauncy Maples.

Lakini kabla ya meli hiyo walitangulia watu wa pwani. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara Waswahili na Waarabu walikuwa wamekwisha kuunda majahazi yao ziwani. Huko Nkhotakota, ng'ambo ya magharibi, utawala wa Jumbe ulisimamia uvukaji wa pembe za ndovu na watumwa kuja upande huu wa mashariki, na kutoka hapa misafara ilitembea majuma kwa majuma hadi Kilwa. Tanga la kwanza la kipwani kuonekana Ziwa Nyasa lilikuwa la biashara hiyo. Lazima tuliseme wazi, kwa sababu ndilo lililowafanya Waingereza waliokuwa wakipinga utumwa waamini kwamba meli ya mvuke, isiyongoja upepo, ingeweza kuiziba njia ya Kilwa kutoka majini.

Meli ya kwanza ya aina hiyo iliingia ziwani Oktoba 1875. Iliitwa Ilala, kwa kumbukumbu ya mahali alipofia Livingstone, na aliyeiongoza ni Edward Young, aliyeajiriwa na wamisionari wa Kiskoti. Ilijengwa London kwa vipande, na safari yake ikawa mfano kwa meli zote zilizofuata. Vipande vilipakuliwa mdomoni mwa Zambezi, vikapandishwa mto ule, vikaingia mto Shire, halafu vikakutana na maporomoko. Hapo hakuna chombo kinachopita. Mamia ya wapagazi walipanda na mabamba ya chuma vichwani na mabegani, kiasi cha kilometa 100 za vilima na mawe, hadi maji yalipotulia tena. Huko juu meli iliunganishwa ribiti kwa ribiti, ikaelekea ziwani.

Kwa njia hiyo hiyo walikuja wengine wengi. Wamisionari wa Berlin walioanza kazi upande huu mwaka 1891 walipita Zambezi na Shire, wakashushwa kaskazini mwa ziwa, kisha wakapanda milima: Ukinga kwanza, huko Bulongwa na Tandala, baadaye Ubena, huko Kidugala, Ilembula, Lupembe na Yakobi. Mlutheri wa Kidugala anayeiona Makambako kama jirani yake wa siku zote, kanisa lake lilipandishwa kutoka ziwani. Vivyo hivyo Mwanglikana wa Milo, kule Upangwa. Kanisa la Anglikana ambalo leo dayosisi yake ya Kusini Magharibi ina makao Njombe mjini, kwenye baridi ile, lilizaliwa ufukweni na kulelewa na meli.

Mtu aliyelipa kanisa hilo tabia ya majini ni William Percival Johnson. Alifika Unguja mwaka 1876 akiwa kijana kutoka Oxford, chini ya misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza, UMCA, ile iliyojenga kanisa kuu la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa. Johnson alikwenda ziwani kwa miguu, kupitia nchi ya Wayao, na alipouona mwambao wa mashariki alitambua kwamba misheni yenye nyumba moja mahali pamoja isingefaa hapa. Vijiji vilikuwa vingi na vidogo, vimesambaa kwenye ghuba zilizotenganishwa na majabali. Kwa nchi kavu, kutoka ghuba moja hadi nyingine huenda ukapanda mlima mzima na kuushuka. Kwa maji ni mwendo wa saa chache. Akaamua kwamba misheni yake itakuwa chombo.

Mwaka 1885 mambo mawili yalitokea. Misheni ilifungua makao kwenye kisiwa cha Likoma, kisiwa kidogo chenye mibuyu na mawe, kwa kuwa maji yaliwakinga watu na uvamizi wa Wangoni uliokuwa ukiteketeza vijiji vya bara. Na meli yao ya kwanza, Charles Janson, ikaanza kazi. Ilikuwa ndogo, lakini ilionyesha kwamba wazo la Johnson linawezekana: padri aliishi ndani yake, akashukia kijiji hiki na kile, akamwacha mwalimu hapa, akamchukua mgonjwa pale. Likoma na mwenzake Chizumulu viko karibu zaidi na pwani ya Msumbiji kuliko ya Malawi, na hadi leo ni vya Malawi, kwa sababu misheni ya Kiingereza ilikuwa pale Ulaya ilipogawana ramani.

Jina la meli kubwa lilitokana na msiba. Chauncy Maples alikuwa rafiki wa Johnson. Alifanya kazi miaka mingi Masasi na Newala, na ilikuwa wakati wake, mwaka 1882, Wangoni walipoivamia Masasi. Mwaka 1895 aliwekwa wakfu London kuwa askofu wa Likoma, akageuza njia kurudi haraka. Usiku wa tarehe 2 Septemba mashua yake ya tanga ilipinduliwa na dhoruba, si mbali na Nkhotakota. Mabaharia wake Waafrika waliogelea wakapona. Yeye alizama, na mwenzake Mwingereza, Joseph Williams, akazama pia. Askofu huyo hakuwahi kukaa kitini pake.

Misheni ikachangisha fedha Uingereza kwa ajili ya meli imara itakayobeba jina lake. Kampuni ya Alley na McLellan ya Glasgow iliijenga, ikaifungua, ikaipakia: vipande 3,481. Gharama ilifika pauni 13,500. Urefu wake futi 127, kama mita 38, na uzito wake tani 250 hivi.

Sasa tuitazame boila, maana hapa ndipo historia hii inapogusa mabega ya watu. Mabamba yaliweza kugawanywa kuwa mizigo ya mtu mmoja au wawili. Boila haikugawanyika. Ilikuwa na uzito wa tani 11, chuma kitupu, na ilipofika kwenye maporomoko ya Shire ikawekwa juu ya gari la magurudumu lililotengenezwa makusudi kwa safari hiyo. Wangoni 450 walishika kamba. Hakukuwa na barabara ya kustahili uzito ule. Njia ilikatwa mbele yao, vijito vikajazwa magogo, na kwenye miteremko wengi walihamia nyuma kuizuia isiwaponde walio mbele. Walikwenda kilometa 5 hivi kwa siku, zaidi ya kilometa 100 kwa jumla. Hawa hawakuwa Wangoni wa Songea waliokuwa wakiushambulia mwambao. Walikuwa wa upande wa magharibi, ingawa wao pia asili yao ilikuwa kusini mwa Afrika. Kwangu mimi, hao 450 ndio wajenzi wa Chauncy Maples sawa na mafundi wa Glasgow. Majina yao hayakuandikwa ubavuni mwa meli, wala hakuna jiwe lililowekwa kwa ajili yao.

Meli iliunganishwa karibu na Mponda, pale Shire inapotoka ziwani, na ikashushwa majini tarehe 6 Juni 1901. Tangu kufunguliwa Glasgow hadi kuelea Nyasa ilikuwa imepita karibu miaka miwili.

Kazi yake ilianza kwa kuni, na kwa kuni ikaendelea nusu karne. Makaa ya mawe yapo kwa wingi katika milima ya Ludewa, Mchuchuma, lakini hakuna aliyekuwa akiyachimba. Meli ilikula miti. Kila kituo kilikuwa na watu waliokata, wakapasua, wakapanga matita ufukweni kungoja siku yake, na siku ilipofika matita yalipitishwa mkono kwa mkono au kwa mtumbwi hadi ndani. Kwa vijiji vingi huo ndio uliokuwa ujira wa kwanza uliotoka nje: kuni kwa merikani, kuni kwa chumvi, kuni kwa sabuni. Ndani, wachocheaji walifanya kazi mbele ya tanuri katika joto la bonde ambalo hata bila moto linamtoa mtu jasho. Kuni zina shida ambayo makaa hayana: zinaungua upesi. Mchocheaji wa kuni hapumziki. Akizembea, mvuke unashuka, na meli iliyo karibu na majabali ya Livingstone bila mvuke iko mikononi mwa mwera.

Mwera ni upepo wa kusini-mashariki. Huanza kuvuma kwa nguvu katikati ya mwaka, miezi ya baridi, na unapopita juu ya ziwa lenye urefu wa kilometa 560 na zaidi una nafasi ya kutosha kujenga mawimbi ya bahari. Upande wa Ludewa ni mbaya kuliko kwingine kwa kuwa mlima unaingia majini wima. Hata nanga haipati mahali pa kushika; ziwa lina kina cha mita 700 katika sehemu zake za kaskazini, na karibu na ufuko tu tayari kamba haifiki chini. Kwa hiyo nahodha alizijua bandari chache za kukimbilia kama mtu anavyojua milango ya nyumba yake: Mbamba Bay, Liuli yenye jabali linalofanana na sanamu ya Misri, na Manda, mahali mto Ruhuhu unapomwaga maji yake.

Meli ilipofika kijijini hapakuwa na gati. Ilisimama mbali kidogo, ikapiga king'ora, na mitumbwi ikatoka. Aliyeshuka kwanza mara nyingi alikuwa padri au mwalimu. Johnson alikuwa amewaza chuo kinachoelea, na meli iliwekewa nafasi ya wanafunzi wa ualimu kusoma huku ikisafiri, sehemu ya ibada, na huduma ya dawa. Kwa vitendo ilibeba kila kitu. Ilibeba slate na vitabu vya Kinyanja, lugha ambayo Johnson alitumia miaka mingi kuitafsiria Biblia. Ilibeba barua, wanafunzi wanaokwenda shule Likoma, wagonjwa wanaopelekwa hospitali, mahindi wakati wa njaa, na chuma, saruji, bati na vioo kwa ajili ya kanisa kuu la Mtakatifu Petro pale Likoma, lililoanza kujengwa 1903 na kuwekwa wakfu 1911. Watu wanaolishangaa kanisa hilo, lenye urefu wa karibu mita 100 kwenye kisiwa kidogo namna ile, husahau kwamba kila kitu ambacho kisiwa hakikuwa nacho kilifika kwa chombo.

Johnson mwenyewe alizeeka kwenye mzunguko huu. Aliumwa macho, jicho moja likaharibika kabisa na la pili likabaki na nuru kidogo, lakini aliendelea kushuka kijiji hadi kijiji, akitembea ufukweni na mizigo michache, akila walichokula wenyeji.

Wajerumani nao walikuwa na meli yao. Hermann von Wissmann ililetwa kwa mto ule ule wa Shire na kushushwa majini 1893, mwaka ule ule walipoanzisha Langenburg, boma lao la kwanza kaskazini mwa ziwa, kabla malaria haijawalazimisha kuhamia Tukuyu. Manda waliiita Wiedhafen, wakaifanya bandari ya Songea. Liuli waliiita Sphinxhafen. Kwa miaka 20 meli za mataifa mawili zilipishana kwa amani, na Chauncy Maples ya Waingereza ilihudumia bila shida vituo vilivyokuwa chini ya bendera ya Ujerumani. Mwambao ulikuwa mmoja, mpaka ulikuwa karatasi.

Agosti 1914 karatasi ile ikageuka risasi. Tarehe 13, meli ya serikali ya Kiingereza, Guendolen, chini ya nahodha Rhoades, ilikwenda Liuli ambako Wissmann ilikuwa imevutwa nchi kavu kwa matengenezo, ikaipiga mzinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, rafiki wa Rhoades wa siku zote, hakuwa amepata habari kwamba kuna vita. Alimfuata mwenzake kwa mashua ndogo kumuuliza amepatwa na nini, akatekwa. Wapo wanaoliita tukio hilo pambano la kwanza la majini la vita kuu ya kwanza, na lilitokea kwenye ghuba ya wavuvi kusini tu mwa Manda. Chauncy Maples nayo ilichukuliwa na serikali kwa kazi za jeshi, na meli iliyojengwa kwa ajili ya shule na dawa ikawa inabeba askari. Vijiji vya mwambao vilikaa miaka mingi bila huduma yao ya kawaida, huku wanaume wakikamatwa kuwa wapagazi na pande zote mbili.

Baada ya vita Tanganyika yote ikawa chini ya Uingereza na meli ikarudi kwenye mzunguko wake. Johnson alifia Liuli Oktoba 1928, baada ya miaka zaidi ya 50 ya kazi, akazikwa hapo hapo. Meli iliendelea bila yeye. Ilinusurika dhoruba nyingi zilizowameza wengine. Mwaka 1946 meli mpya kabisa iitwayo Vipya, iliyoingia kazini mwezi mmoja tu kabla, ilipinduliwa na mwera upande wa magharibi, na watu 145 kati ya 194 waliokuwamo wakafa. Chauncy Maples, iliyokuwa na umri wa miaka 45, iliendelea kuelea.

Mwaka 1952 Kanisa liliunda dayosisi mpya ya Kusini Magharibi ya Tanganyika, ili mwambao wa Tanganyika na milima yake visitawaliwe tena kutoka ng'ambo. Mwaka uliofuata misheni ikaiachia meli. Sidhani ni sadfa. Dayosisi ya nchi kavu ilihitaji gari, na makao yake yakapanda kutoka ufukweni hadi Njombe. Meli ikauzwa, ikanunuliwa na serikali ya Malawi 1965, ikavuliwa boila ile iliyovutwa na watu 450, na 1967 ikawekewa injini ya dizeli. Ilisafirisha abiria kwa miaka mingine mingi, na kuanzia 2009 ukafanyika mpango wa kuigeuza kliniki, mpango ambao haukuwahi kuirudisha kazini.

Barabara ya lami kutoka Makambako hadi Songea, iliyojengwa miaka ya 1980, ilimaliza kuligeuza soko la Njombe lielekee kaskazini. Ukweli huo hauwahusu sana watu wa mwambao. Ukifika Lupingu utaelewa kwa nini: gari hushuka kwa shida kutoka Ludewa, na vijiji kadhaa vya jirani bado havifikiki vizuri ila kwa chombo. Mamlaka ya Bandari ilijenga katika bandari ya Itungi, kaskazini mwa ziwa, meli za mizigo MV Njombe na MV Ruvuma, kila moja ya tani 1,000, na baadaye MV Mbeya II ya abiria. Kwa mara ya kwanza kuna meli ziwani yenye jina la mkoa wetu.

Kazi iliyobaki ni ya kuandika. Vitabu vya misheni viliandikwa na Waingereza, kwa wasomaji wa Uingereza waliokuwa wakichanga fedha, na ndani yake mwenye kukata kuni, mchocheaji na mpiga kasia hutajwa kwa kabila lake, mara chache sana kwa jina. Aliyekuwa na miaka 15 meli ilipoachwa 1953 leo amekaribia 90. Wapo wachache bado, Manda, Liuli, na juu Milo, waliopanda chombo kile kwenda shule au hospitali, au ambao baba zao walipanga matita ufukweni. Dayosisi iko Njombe, ina mapadri katika kila parokia ya mwambao, na kinasa sauti siku hizi kimo ndani ya kila simu. Mwenye kutaka kuianza kazi hii aanzie kwa wazee wa Manda, na aende mwaka huu.